Wake Wenza wa Kabati la Nne

Radi ilipiga kilima cha Kwezinga saa tatu na dakika kumi asubuhi. Ilipofika saa tatu na robo, Nuriati Sheiza alikuwa ameshavua viatu mlangoni mwa chumba cha makabati, bisibisi mfuko wa kushoto, mita ya umeme mfuko wa kulia, wala hakukimbia. Miaka ishirini na mbili katika Ghala la Kumbukizi, huko juu ya Lushoto, ilimfunza kwamba fundi anayekuja mbio hufika mikono inamtetemeka, na mikono ya namna hiyo haina ruhusa ya kugusa kabati la watu.

"Lipi?" aliuliza.

"La nne," alijibu Mzee Hoza. "Mengine yote yamesalimika. La nne limezima utadhani halijawahi kuwaka."

Mzee Hoza ndiye mkuu wa zamu. Ana miaka sitini na mitatu, sweta alilofumiwa na mke mkubwa, shati lililopigwa pasi na mke mdogo, na ole wako umuulize kwa nini asivae vyote vya mmoja. Haki kwake ni ugonjwa. Akinunua vitenge viwili ataita mtu wa tatu avishike aseme kama vina uzito sawa.

Nuriati alichuchumaa mbele ya kabati akanusa kabla ya kutazama. Watu wa vyuoni hucheka tabia hiyo, wacheke tu. Palinuka samaki aliyeungulia kikaangoni.

"Pawa saplai," alisema. "Zote mbili. Hii hapa na mwenzake."

Akafungua, akapima, mita ikaonyesha sifuri huku na sifuri kule. Alizichomoa zikiwa bado za moto, akaziweka sakafuni juu ya gazeti. Mpaka hapo hakuwa na wasiwasi hata chembe. Pawa saplai ni kisanduku cha kuingizia umeme tu, cha kuchomoa na kuchomeka. Mtu akikutisha kwa pawa saplai, basi huyo hajui kazi.

Ndani ya kabati hilo mlikuwa na diski mia na ishirini, na ndani ya diski hizo mlikuwa na maisha ya watu sabini na tisa. Wenyewe wako majumbani kwao, Mlalo, Soni, Bumbuli, wanachambua maharage na kugombana na majirani, kila mmoja na kidude nyuma ya sikio. Kidude hicho huwaletea kutoka Kwezinga kile ambacho akili zao zimeacha kushika: jina la mjukuu, njia ya kurudi kutoka sokoni, kama dawa ya presha imeshamezwa au bado. Kabati likizima, kidude hubaki na kivuli cha mambo kwa muda wa saa moja hivi, kisha kinafifia, na mwenye nacho anabaki amesimama katikati ya njia akijiuliza alikuwa anakwenda wapi.

Saa moja inatosha kabisa, Nuriati aliwaza. Nitamaliza kwa robo saa, robo tatu nzima ibaki ya kujisifu.

* * *

Stoo hakukuwa na pawa saplai mpya. Kulikuwa na moja tu ya kizamani, nzito, iliyotolewa kwenye kabati lililostaafu. Nuriati aliipangusa vumbi kwa kanga yake akaijaribu. Ilivuma vizuri.

"Hii itabeba diski zote na kidhibiti kimoja," alisema. "Viwili haitaweza. Tutamwamsha mmoja, aandike mzigo wake kwenye diski, halafu tumwamshe mwenzake. Betri zao zitawashika."

Kila kabati lina vidhibiti viwili, na hivyo ndivyo vyenye akili. Diski ni rafu tu. Kidhibiti ndicho kinachopokea kumbukumbu kutoka kwa mtu, kikaishika kwanza kwenye memori yake ya muda, kwa sababu madaktari waliagiza jambo la leo lisiandikwe kwenye diski mpaka mwenyewe alale usiku mara mbili. Usingizi ndio unaochambua. Kwa hiyo siku ya jana ya mtu huwa bado iko mikononi mwa kidhibiti, na umeme ukikatika kinaishikilia kwa betri yake, siku tatu bila taabu. Na vidhibiti vinanakiliana, alichonacho huyu na yule anacho, mmoja akifa hakuna kinachopotea.

Wao Kwezinga, vidhibiti vya kabati la nne waliviita Bi Mkubwa na Bi Mdogo. Jina lilianzishwa na nani? Na Mzee Hoza, nani mwingine.

Nuriati aliunganisha kompyuta yake ndogo kwenye betri ya Bi Mkubwa ili asome imebaki na chaji kiasi gani. Akasoma. Akavua miwani, akaifuta, akasoma tena. Akahamia kwa Bi Mdogo.

"Mzee Hoza."

"Naam."

"Hizi betri zina miaka mingapi?"

"Ya Bi Mkubwa ni ya mwaka juzi. Ya Bi Mdogo ni ya..." Mzee alisita. "Kwa kweli ni ngumu kusema, maana tunazibadilishana."

"Mnazibadilishana vipi?"

"Kila mwezi. Hii inakwenda kule, ile inakuja huku. Tangu mwaka ule tuliponunua moja mpya tukampa Bi Mdogo. Ikaonekana si sawa, mwingine apate kipya na mwingine abaki na cha zamani. Kwa hiyo tukaweka zamu."

"Ala! Mzee Hoza!"

"Nini tena? Haki ni haki."

"Haki ya nani, ya mabati? Ndiyo maana tukawekewa wawili, mmoja akichoka mwenzake awe na nguvu! Wewe umewachosha pamoja. Na betri kila ikichomekwa upya inajihesabia imezaliwa leo, inamwambia kidhibiti mimi mzima, mimi mpya. Zimetudanganya miaka miwili. Siku tatu zipi? Huyu ana dakika thelathini na nne. Na huyu thelathini na nne. Umewatendea haki wallahi, hata dakika umewagawia sawasawa!"

Mzee Hoza alikaa juu ya kreti. Nuriati akamwonea huruma papo hapo, kwa sababu mzee alikuwa mtu mwema na wema wake ndio uliowaponza.

"Si neno," alisema kwa sauti ya chini. "Wananakiliana. Tukimwokoa mmoja tumewaokoa wote."

Mara akakumbuka kitabu cha zamu.

Hakuhitaji kukifungua. Jana, saa sita na nusu mchana, taa ya njano iliwaka kwenye kebo inayowaunganisha wake wenza wale wawili. Kunakiliana kulikuwa kumekatika. Kilichotakiwa ni kubadili kebo, kazi ya saa moja, au angalau kuviamuru vidhibiti viandike moja kwa moja kwenye diski. Lakini vikiandika moja kwa moja wazee hulalamika, maneno yanachelewa kuwafika mdomoni. Na Nuriati alikuwa ameshavaa baibui, ameshabeba kikapu, gari linamngoja nje. Aliandika kitabuni, *Kebo, kesho asubuhi*, akatia sahihi, akaondoka.

Alikuwa anakwenda Mlalo kwa mama yake.

* * *

Mama huyo, Bi Zaituni, alikuwa hajazungumza na binti yake miaka kumi na mmoja. Chanzo ni msiba. Baba yake Nuriati alifariki alfajiri, akazikwa adhuhuri, na Nuriati hakuonekana. Alikuwa hapa hapa Kwezinga, mikono ndani ya kabati la pili. Alifika baada ya isha na mafuta ya mashine kwenye kucha, na mama yake akamwambia mbele ya waombolezaji wote, "Rudi kwa hao uliowachagua." Basi.

Miaka mitatu iliyopita akili ya Bi Zaituni ilianza kumtoroka, akawekewa kidude. Wapo waliomnong'oneza Nuriati asubiri kidogo kabla ya kumwandikisha, mama asahau ule ugomvi kwanza. Hakukubali. Alimwandikisha mwenyewe, kwa mkono wake, na kidude kikamrudishia mama kila kitu, majina ya watoto wote wanane wa dada yake, nyimbo za unyago, na kinyongo chake kizimakizima.

Na jana, baada ya kukaa naye kibarazani kuanzia saa nane mpaka magharibi, baada ya maneno makali na machozi na chai iliyopoa mara mbili, mama alimshika mikono yote miwili akamsamehe. Alimsamehe kwa maneno ambayo Nuriati aliyarudia njia nzima ya kurudi, kimyakimya, huku dereva akidhani anasali.

Bi Zaituni amepangiwa Bi Mkubwa.

"Wangapi kwa Bi Mkubwa?" Nuriati aliuliza, ingawa alijua.

"Thelathini na wanane. Bi Mdogo arobaini na mmoja." Mzee Hoza alinyanyuka. Alikuwa anajua habari ya jana, Kwezinga nzima inajua. Nuriati aliingia kazini asubuhi akiimba. "Sikiliza, fundi. Kuandika mzigo wa mmoja ni nusu saa. Mwingine betri itamwishia. Thelathini na wanane, arobaini na mmoja, tofauti yake nini? Watu watatu. Mwamshe Bi Mkubwa. Hakuna atakayekulaumu, na akitokea wa kulaumu aje kwangu, mimi ndiye niliyeharibu betri."

Nuriati alichomeka pawa saplai ya kizamani, akamwamsha Bi Mkubwa nusunusu, kiasi cha kumpima tu, akaendesha kipimo cha memori. Dakika mbili zilikwenda. Kati ya mbao zake nane za memori, ubao wa kwanza mzima. Ubao wa pili mzima. Ubao wa tatu ulitoa kosa moja, kisha manne, kisha kumi na tisa, na kila alipopima upya makosa yalihama mahali.

"Radi imempata," alisema. "Ubao wa tatu unachanganya. Nikimlazimisha aandike ataandika, lakini sijui ataandika nini. Anaweza kumpa Bi fulani wa Soni maziko ya mtu wa Bumbuli. Anaweza kumfanya mtu akumbuke amemeza dawa aliyomeza jirani."

"Anaweza," alisema Mzee Hoza. "Na anaweza asichanganye. Ubao mmoja katika nane. Huenda mama yako yuko kwenye ule wa kwanza."

"Huenda."

Nikwambie ukweli, alitamani. Alitamani mpaka meno yakamuuma. Kidole chake kilikuwa juu ya kitufe cha Bi Mkubwa, na kichwani alikuwa na sababu nzuri kabisa, zimepangwa mstari, zinangoja kutumwa. Ubao mmoja tu katika nane. Watu watatu tu. Na mzee ameshajitolea kubeba lawama. Fundi mwingine angebonyeza, na wewe na mimi tusingemcheka.

Akampima Bi Mdogo. Mbao zote nane safi, hakuna kosa hata moja.

"Bi Mdogo," alisema, akabonyeza. "Kazi ni kazi. Kama angekuwa mama wa mtu mwingine nisingefikiri hata mara moja, sasa kwa nini nifikirie kwa wangu?"

Diski zikaanza kuvuma, taa za kijani zikapanda safu moja baada ya nyingine. Nuriati alijifuta macho kwa pindo la kanga, akageuka.

"Haya, usisimame hapo. Leta orodha ya wale thelathini na wanane. Vidude vyao bado vina kivuli, jana wanaikumbuka mpaka kabati litakaporudi hewani. Likirudi tu, kidude kitafuata kinachosema kabati, na jana yao haitakuwepo. Tuna nusu saa. Wapigie, waambie waandike, au wamsimulie mtu wa nyumbani amwandikie. Waanze na dawa. Wewe kumi na tisa, mimi kumi na tisa."

Mzee Hoza alikuwa ameshashika kalamu. "Nimweke mama yako wa kwanza."

"Mweke wa mwisho."

"Fundi!"

"Wa mwisho, mzee. Nimeshaipendelea nafsi yangu jana. Imetosha."

* * *

Walipiga simu utadhani wana harusi ya kesho. Bwana mmoja wa Soni alikuwa amepata kitukuu jana, akaomba ampe simu mkwewe aandike jina. Bibi wa Bumbuli alisema jana yake ilikuwa mbaya, acha iende, yeye hana haja nayo, na akakata. Mwalimu mstaafu alitaka barua rasmi kwanza. Nuriati alimwambia barua atapelekewa, sasa hivi aandike, na mwalimu akaandika. Mwingine alianza kulia. Nuriati alimtuliza, akamwita binti yake, akamtajia yule binti dawa za kuuliza, moja moja, bila haraka kwenye sauti hata kama moyoni ilikuwepo. Wakati wote huo jicho moja lilikuwa kwenye taa za Bi Mdogo, na kila safu ilipokamilika alimwinulia Mzee Hoza kidole.

Zikiwa zimebaki dakika tano alimpigia mama yake.

Simu haikupatikana.

Akapiga tena. Haikupatikana. Akampigia jirani, mama Shedafa, na ya jirani haikupatikana. Hapo ndipo akaelewa, akajipiga paja. Radi! Mlalo nzima, radi ikianza kunguruma, watu huzima simu, hufunika vioo kwa mashuka na kukaa kimya sebuleni mpaka mawingu yapite. Yeye mwenyewe alilelewa hivyo. Bi Zaituni asingeiwasha simu yake hata kwa kushikiwa panga.

"Amemaliza," alisema Mzee Hoza.

Safu zote za Bi Mdogo zilikuwa kijani. Skrini iliuliza kama kabati lirudi hewani. Ndiyo, au Hapana.

"Mpe dakika tano," alisema mzee. "Kumi. Mawingu yanakwenda, ataiwasha."

Nuriati alitazama saa ya ukutani. Saa nne na dakika tano. Vivuli vya watu sabini na tisa vilikuwa vinakwisha, na huko nje kulikuwa na mtu mwenye sufuria jikoni, mtu ukingoni mwa barabara, mtu ameshika kidonge mkononi anawaza. Alipiga namba ya mama mara ya tatu, na ya nne. Kisha akaweka simu chini, akabonyeza Ndiyo.

Kabati la nne likarudi hewani, Bi Mdogo akiwabeba wote. Mzee Hoza alishusha pumzi, akachukua kitabu cha zamu, akaandika kwa mwandiko mkubwa: *Kubadilishana betri ni kosa langu, K. Hoza. Lisirudiwe.* Nuriati alikichukua kitabu, akaandika chini yake: *Kebo ya jana ni kosa langu, N. Sheiza.*

* * *

Simu ya Nuriati iliita saa nne na dakika ishirini, namba ya mama yake.

"Nani?"

"Ni Nuriati, mama. Shikamoo."

Salamu haikujibiwa. "Nimewasha simu naona umenipigia mara nne. Nani kafa?"

"Hakuna aliyekufa, mama."

"Najua. Kwa kifo wewe hupigi. Kwa kifo wewe huonekani."

Nuriati alikaa sakafuni. Alikuwa amejiandaa, lakini yalimchoma vilevile, yale yale ya miaka kumi na mmoja, mabichi. Alivuta pumzi akaeleza yote, bila kupunguza. Alieleza kebo aliyoiacha ili awahi Mlalo. Alieleza betri, radi, Bi Mkubwa na Bi Mdogo. "Jana nilikuja, mama. Tulikaa kibarazani, ukanisamehe. Na leo nimeifuta siku hiyo mimi mwenyewe, kwa kidole changu, nikijua."

"Umeifuta kwa nini?"

"Upande wa pili kulikuwa na watu arobaini na mmoja."

"Kwa hiyo umechagua mashine ukaniacha mimi, tena."

"Watu, mama. Hata siku ile ya baba, ndani ya kabati walikuwa watu. Sikukwambia, kwa sababu niliona haya. Nilikosa kutokuja. Ningemwita mwingine ashike kazi nikaja. Leo hapakuwa na mwingine."

Nuriati alisikia kijiko kikizunguka kwenye kikombe.

"Na hiyo jana," Bi Zaituni alisema, "nilikusamehe kwa maneno gani?"

Yalikuwa ulimini. Angeyataja, mama angeyachukua kuwa yake, kidude kingeyahifadhi, na kesho kutwa yangeandikwa kwenye diski na mambo yangekuwa yamekwisha. Mzee Hoza alikuwa amesimama mlangoni, anamtikisia kichwa: sema, sema.

"Sikwambii, mama."

"Unanificha maneno yangu?"

"Nikikutajia, nitakuwa nimejisamehe kwa kinywa changu. Ukitaka kunisamehe utayatafuta mwenyewe. Usipotaka, vilevile nitakuja."

Kijiko kiliacha kuzunguka.

"Jana nilichukua muda gani?"

"Saa nane mpaka magharibi."

"Basi leo njoo saa sita," alisema Bi Zaituni. "Leo nimelala vizuri na hasira ninazo."

Nuriati alitazama taa ya njano iliyokuwa bado inawaka kati ya vidhibiti viwili.

"Saa saba, mama. Kuna kazi ya jana sijaimaliza."

Alingoja simu ikatwe. Haikukatwa.

"Saa saba," alisema mama yake. "Ukichelewa, nakula peke yangu."